Sayari ya Ganzi

Tamthilia ilikatwa mahali ambapo mtu mwenye huruma hawezi kukata. Kapteni wa Chombo Namba Tisa, baada ya kuhangaika angani kwa sehemu arobaini na moja, alikuwa ametua kwenye sayari asiyoijua. Mlango wa chombo ukagongwa kutoka nje, mara tatu. Kapteni akausogelea, akaweka mkono kwenye kitasa, akauliza, "Nani hapo?" Muziki ukapanda, majina yakaanza kupita kwenye kioo. Wiki iliyofuata, saa ile ile, kituo kikaonyesha mashindano ya kuogelea. Wiki ya pili vivyo hivyo. Chombo Namba Tisa hakikuonekana tena.

Daktari wa meno aliyajua hayo yote ingawa hakuwahi kuitazama tamthilia hiyo hata dakika tano. Aliyajua kwa sababu binti wa kaka yake, mtoto wa miaka kumi, hakuwa na habari nyingine. Nyumbani walimwita Chiriku, na jina hilo alilipata kihalali. Aliongea akila, aliongea akivaa soksi, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akiongea. Kituo cha televisheni alikuwa amekiandikia barua mbili, moja ya adabu na nyingine isiyo na adabu sana. Hakuna iliyojibiwa.

Ijumaa moja jioni, daktari akivua glavu baada ya mgonjwa wa mwisho, Chiriku akaingia kliniki na sare zake za shule, daftari kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Jino?"

"Meno yangu mazima. Nimekuja kuomba kiti."

"Viti viko mapokezi, chagua unachotaka."

"Siyo vile. Hiki." Akaonyesha kiti cha wagonjwa.

Daktari akakitazama. Kilikuwa kiti kikubwa cha kijani, kinachopanda, kushuka na kulala chali kwa kukanyaga pedali. Juu yake ilining'inia taa yenye mkono mrefu, na ubavuni palikuwa na trei ya vifaa, bomba la kunyonya mate, na kibomba kidogo kilichojaza glasi maji chenyewe bila kuambiwa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akikiona kila siku, na kila siku alikiona kiti.

"Hiki ni chumba cha rubani," Chiriku akasema kwa sauti ya lawama. "Miaka yote hii una chombo cha anga humu ndani, shangazi, na hujatuambia!"

"Unataka kukifanyia nini?"

"Naimalizia ile tamthilia. Sehemu ya mwisho. Wao wameshindwa, sawa. Mimi siwezi kuwaacha watu wamening'inia namna hii."

Daktari alikuwa mtu wa taratibu. Vifaa vyake vilipangwa kwa urefu, kalamu zake kwa rangi. Akasema hapana. Akasema hii ni kliniki, siyo uwanja wa kuchezea. Chiriku hakubisha, na waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Alifungua daftari, akaketi kwenye kigoda cha magurudumu, akaanza kusoma mchezo wake kwa sauti. Kapteni alimpa sauti nzito, kompyuta akaipa sauti ya puani, na chombo kilipoingia kwenye kimbunga cha vumbi la nyota aliyumba na kigoda mpaka kikagonga kabati.

Msaidizi wa kliniki, dada mmoja mpole aliyekuwa akipiga deki, aliacha deki. Akaegemea mpini.

"Halafu?" dada huyo akauliza, Chiriku aliponyamaza.

"Halafu mpaka tupate kiti."

Msaidizi akamgeukia daktari kwa macho ya mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya chakula.

"Kesho," daktari akasema, akijishangaa mwenyewe. "Saa saba mchana, tukishafunga. Mashine ya kuchonga usiiguse. Droo usizifungue. Na mimi simo! Nitakanyaga pedali, basi."

*

Jumamosi saa saba na robo chumba cha matibabu kilikuwa hakitambuliki. Kuta zilibandikwa karatasi za jikoni za kung'aa, na dirishani palining'inizwa sayari tatu zilizopakwa rangi ya maji, mojawapo bado ikidondosha. Simu kuukuu ya baba yake Chiriku, yenye ufa wa kutoka pembe hadi pembe, ilifungwa kwa plasta kwenye mkono wa taa, na msaidizi ndiye aliyepewa kazi ya kuusogeza mkono huo taratibu, huku na huku, picha ipate kutembea.

Kapteni alivaa aproni nzito ya kukingia mionzi, ile wanayofunikwa wagonjwa wakipigwa eksirei. Ilimfika vifundoni. Alipopiga hatua moja ungedhani kabeba gunia la mawe.

"Itakushinda hiyo, ivue," daktari akamwambia.

"Hapana, ni nzuri. Kwenye sayari hii uzito ni mara tatu."

Walirekodi kimbunga. Daktari alikanyaga pedali, kiti kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kapteni alipiga kelele "Shikilieni!" ingawa hakukuwa na mwingine chomboni, na lile bomba la kunyonya mate likatoa mlio wa injini uliomsisimua hata daktari mwenyewe. Walirekodi kompyuta ikikata tamaa. Walirekodi kapteni akinywa glasi ya mwisho ya maji, na maji yakajaa tena yenyewe, ikabidi warudie.

Tatizo lilikuwa moja, nalo kubwa. Mgeni wa sayari, yule wa kugonga mlango, alikuwa achezwe na rafiki yake Chiriku wa darasani, mtoto mwenye kipaji cha kusema maneno kwa kuyaanzia mwisho. Asubuhi hiyo alituma ujumbe kwamba wazazi wake wamesafiri naye.

"Labda mgeni asionekane," msaidizi akashauri. "Tusikie sauti tu."

"Watu wamengoja wiki saba kumwona!" Chiriku akasema. Aliketi sakafuni na aproni yake, akashika tama.

Hapo mlango wa nje ukagongwa. Mara tatu.

Wote watatu walitazamana. Chiriku aliinuka polepole, aproni ikimvuta chini, akaburuta miguu hadi mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Hakuweza kujizuia.

"Nani hapo?"

Kutoka nje ukasikika mguno mrefu wa mtu mwenye maumivu.

Alipofungua, alikuwa amesimama mwanaume mrefu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, kalamu nyekundu mfukoni, na shavu la kushoto limevimba kama kaficha limau. Daktari alimwona kwa nyuma ya Chiriku, akajikuta anajinyoosha koti kama mtu anayekaguliwa.

Alikuwa ni Rudia.

Mji mzima ulimjua kwa jina hilo. Alikuwa mtahini wa madereva, na hilo ndilo neno alilowaambia wengi wa waliopita mikononi mwake. Daktari aliambiwa mara tatu. Mara ya kwanza aligonga koni. Mara ya pili alizunguka mzunguko wa barabara mizunguko minne kwa kuogopa kutoka. Mara ya tatu hata geti hakulipita, maana aliondoa gari bila kutazama vioo. Kila mara Rudia aliandika kwenye karatasi yake kwa kalamu nyekundu, akasema neno lake bila hasira na bila huruma, akafungua mlango, akashuka.

"Samahani sana, daktari," Rudia akasema, mkono shavuni. "Najua mmefunga. Jana sikulala. Wala juzi." Kisha akamkazia macho. "Wewe ni yule wa vioo."

"Ndiye mimi," daktari akajibu. "Pita ndani, mzee."

Chiriku, bila kuambiwa, alivua aproni, akatoka na daftari lake kwenda mapokezi. Mchezo ulikuwa mchezo, lakini alilelewa kumjua mgonjwa akimwona.

Rudia alipojilaza kwenye kiti, alitazama karatasi za kung'aa ukutani, akazitazama sayari dirishani, na hakuuliza kitu. Aliishika mikono ya kiti kwa vidole vilivyopauka. Daktari akagundua jambo ambalo hakulitegemea: huyu mtu alikuwa akiogopa. Aliogopa vibaya sana, kama yeye alivyoogopa kwenye usukani. Basi akavuta kigoda, akavaa glavu.

"Nitakuambia kila ninachofanya kabla sijakifanya," akamwambia. "Ukiinua kidole, nasimama. Sawa?"

Alimchoma sindano ya ganzi, akangoja, akalifungua jino, akautoa usaha, akasafisha, akaziba kwa muda. Kidole hakikuinuliwa. Baada ya dakika arobaini Rudia aliketi, akajigusa shavu, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Maumivu yamekwenda. Akataka kushukuru.

"Hahante hana, haktahi," akasema. "Hihakuwa hahali hangu!"

Mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi na ulimi nusu umelala. Akajaribu tena, ikawa vibaya zaidi.

Kwenye mlango wa mapokezi kikachomoza kichwa cha Chiriku. Macho yamemtoka pima.

"Shangazi," akanong'ona, "ni yeye."

"Chiriku, hapana."

"Sikiliza anavyoongea! Hakuna mtu duniani anaongea hivyo!"

"Mheshimu mgonjwa. Mzee, nisamehe, huyu mtoto ana..."

Lakini Chiriku alishafika mbele ya kiti, mikono nyuma, kama anayeomba kazi. "Shikamoo, babu. Tunatengeneza filamu. Tunahitaji mgeni kutoka sayari nyingine, na wa kwetu amesafiri. Ganzi yako itaisha saa ngapi?"

Rudia alimtazama mtoto. Akamtazama daktari. Daktari aliomba ardhi ipasuke. Mtahini akanyoosha mkono, si kwa Chiriku bali kwa lile daftari, akalichukua, akachomoa kalamu nyekundu.

Alisoma mchezo wote, ukurasa baada ya ukurasa, paji limekunjwa. Mara kwa mara aliandika pembeni. Aliporudisha daftari, Chiriku alisoma kwa sauti:

"'Ukurasa wa pili: chombo kimeondoka kapteni hajafunga mkanda. Ukurasa wa nne: kimetua bila kuwasha taa ya kuashiria. Je, kama nyuma kulikuwa na chombo kingine? Ukurasa wa tano: kapteni anatoa amri na kuendesha wakati huohuo. Haifai. Rubani wenu ni nani?'"

"Hatuna rubani," Chiriku akasema kwa unyonge.

Rudia akapitisha macho chumbani, polepole, kama anayetafuta gari la kukagua. Yakatua kwa daktari, yakabaki pale.

"Mimi simo," daktari akasema. "Nilishasema. Mimi ni pedali."

"Pedali nitakanyaga mimi kwa mguu," msaidizi akaingilia, mkono mmoja kwenye simu. Alikuwa anafurahi waziwazi.

*

Ndivyo daktari alivyojikuta amelala kwenye kiti chake mwenyewe, taa ikimwangaza usoni kama inavyowaangaza wagonjwa, mikononi kashika bakuli la chuma kama usukani. Vioo viwili vidogo vya kutazamia meno vilikuwa vioo vya pembeni, na bandeji ndefu ndiyo mkanda. Rudia alisimama kando, mikono nyuma, kwa sababu kabla ya kugonga mlango wa chombo alitaka kwanza chombo kitue sawasawa.

"Haya," Chiriku akasema, "rubani, tua!"

Daktari akakata bakuli kushoto.

"Huhia!" Rudia akasema.

Hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikuwa hajafunga mkanda.

Mara ya pili alifunga mkanda, akasahau taa. "Huhia!" Mara ya tatu alikumbuka taa, akatazama kioo cha kushoto, cha kulia akakisahau. "Huhia!" Mara ya nne alifanya yote, ila msaidizi alikanyaga pedali upande usiofaa, kiti kikapaa badala ya kutua, na daktari akabaki juu karibu na dari, miguu inaning'inia, bakuli kifuani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtiririkia masikioni. Chiriku akacheka, msaidizi akacheka mpaka picha ikatikisika, na Rudia alitabasamu nusu ya uso, nusu nyingine ikabaki kazini.

Mara ya tano alifunga mkanda. Akawasha taa. Akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akatazama nyuma kwa shingo yake mwenyewe. Bakuli likatulia mikononi mwake. Kiti kikashuka taratibu, bomba likanyamaza, na chombo kikatua bila hata glasi kutikisika.

Wote wakamtazama Rudia. Akachomoa kalamu, akaandika alama hewani, akatoka nje na kufunga mlango.

Akagonga mara tatu.

"Nani hapo?" kapteni akauliza, na mlango ukafunguka.

Mchezo ulisema mgeni atamke sentensi moja kisha ainamishe kichwa. Rudia alisema sentensi moja. Kisha, badala ya kuinamisha kichwa, akaendelea. Pengine ilikuwa raha ya kupona, pengine ni ile taa, pengine ni kujua kwamba hakuna atakayemwelewa. Alisema na kusema, mkono kifuani, maneno yakiteleza na kuvunjika, na Chiriku, mtoto asiyejua kunyamaza, alimsikiliza mdomo wazi.

Kumbe kuna mtu mmoja mle ndani aliyekuwa akielewa kila neno. Miaka kumi na minane daktari alikuwa akizungumza na watu wenye ganzi, watu wenye pamba, watu wenye vioo na mabomba kinywani. Lugha hiyo aliijua kuliko mtu yeyote mjini.

"Hihi hwenyehe," Rudia alikuwa akisema, "nihihuhia hala hinne."

Yaani: mimi mwenyewe nilirudia mara nne. Alisema mara ya kwanza aliingiza gari mtaroni, na mtahini wa siku hizo alimcheka mbele za watu, akarudi kwao kwa miguu na kuapa kwamba akipata yeye kazi ile hatamcheka mtu hata siku moja. Alisema hajawahi kumcheka mtu. Alisema watu wanamwita jina lile na yeye analisikia. Alisema angependa wajue kwamba kila anayemwambia arudie, anatamani kwa moyo wote kumwona amerudi.

Akamaliza. Mstari ulioandikwa kwenye daftari haukufaa tena, hata kapteni aliliona hilo. Akamgeukia shangazi yake.

"Rubani," akasema, "unaijua lugha yao. Amesema nini?"

Daktari aliketi kwenye kiti. Akamwona Rudia amekakamaa mlangoni, ameshtuka, ndiyo kwanza anatambua kwamba daktari alimwelewa. Akafikiri haraka.

"Anasema karibuni," akajibu. "Anasema amewaona wengi wakijaribu kutua hapa, na wengi waligonga vitu. Hajamcheka hata mmoja. Kila anayeondoka, anakaa mlangoni kumngoja arudi."

Rudia akainamisha kichwa, vilevile kama mchezo ulivyosema.

"Kata," Chiriku akanong'ona. Halafu, kwa sauti ya kupasua vioo: "KATA! Hiyo hatuirudii!"

*

Kuunganisha vipande kulimchukua Chiriku na baba yake wiki tatu, kwa sababu baba alikuwa anajifunza na binti alikuwa anaamuru. Katikati ya wiki hizo daktari alikwenda kufanya mtihani wa udereva kwa mara ya nne. Rudia alimkuta ameketi kwenye gari, akamwinamia dirishani, akatikisa kichwa. "Siwezi kumpima rubani wangu," akasema, sasa kwa mdomo mzima. "Siyo haki." Akamwita mtahini mwenzake, mwanamke kijana asiyecheka wala kununa, na huyo akampitisha, akiandika chini ya karatasi kwamba dereva ni mwangalifu, ila anaongea na gari.

Uzinduzi ulifanyika kliniki, Jumamosi asubuhi, kwenye televisheni ya mapokezi. Chiriku alisema filamu huonyeshwa mahali ilipozaliwa. Kulikuwa na wagonjwa tisa kwenye mabenchi. Baba na mama yake Chiriku walisimama ukutani. Bibi yake alikuja na mto wake wa kukalia, kwa kuwa sehemu zote arobaini na moja alizitazama bega kwa bega na mjukuu, na alikuwa na maswali. Rudia alikuja kuzibwa jino kwa kudumu, akakaa nyuma kabisa pamoja na mkewe, akijifanya anasoma tangazo la kupiga mswaki.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Kimbunga kilipoanza, mzee mmoja mwenye shavu la kufungwa kitambaa alishika benchi kwa mikono miwili. Rubani alipopaa hadi darini, maana Chiriku alikataa katakata kuikata sehemu hiyo, mapokezi yalilipuka kwa kicheko, na mama mmoja aliyekuja na jino la kung'olewa aliomba watu wasimchekeshe, anaumia, huku akicheka kuliko wote. Mgeni alipoingia, mke wa Rudia aliziba mdomo.

"Ndiyo huyo sasa," bibi akasema kwa sauti, kama aliyerudishiwa kitu chake. "Ndiyo huyo tuliyekuwa tunamngoja."

Daktari alikuwa na kazi. Alitoka mlangoni na glavu mikononi, kadi ya mgonjwa wa kwanza mkononi.

"Anayefuata!"

Hakuna aliyeinuka. Mwenye kadi hiyo, yule mama wa jino, alimpungia mkono anyamaze bila hata kugeuka.

"Daktari, ngoja kwanza. Anaongea."

Daktari alisimama kidogo. Akavua glavu, moja, kisha ya pili. Mzee wa kitambaa akasogea kumpa nafasi, naye akakaa kati yao, magoti yamebanwa, akainua shingo apate kuona.